Malalamiko Yaandikwe kwa Kiajemi

Jirani yangu Bi Kazija anaapa kwamba aliliona jambo hili kwa macho yake. Anasema siku Mheshimiwa Kiongozi wa nchi yetu alipokuja kufungua Idara ya Kiajemi pale Chuo Kikuu, alikata utepe, vumbi la utepe likamwingia puani, akapiga chafya tatu. Ya kwanza ilikuwa chafya ya kawaida. Ya pili vilevile. Ya tatu, anasema Bi Kazija, ilitoka kwa Kiajemi.

"Kwa Kiajemi vipi?" nikamuuliza. "Wewe Kiajemi unakijua?"

"Sikijui, ndiyo maana nikajua ni chenyewe," akanijibu. "Ingekuwa lugha ninayoijua si ningeielewa?"

Mimi sikuwapo, siku hiyo nilikuwa nafua mapazia, kwa hiyo siwezi kubisha. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile mambo ya Idara yaligeuka. Mwanzo walikuwa wakitangaza kutafuta walimu. Baada ya chafya, walimu hawakuhitajika tena. Profesa Ngwali, Mkuu wa Idara, alikuja redioni akaeleza jambo hilo kwa saa moja na nusu bila kunywa maji. Nilikuwa nachambua mchele, nikasikia vizuri.

"Ndugu wananchi," alisema, "sayansi imethibitisha. Kiajemi hakifundishwi. Kiajemi kinarithiwa. Mababu wa viongozi wetu walitoka Uajemi wakaja hapa katika chombo kimoja, na lugha yao imo ndani ya damu zetu, imelala tu, inangoja mazingira mazuri. Kazi ya Chuo Kikuu ni kuandaa mazingira hayo na kutoiamsha kwa kelele."

Chombo hicho, kila mkubwa katika nchi yetu ana babu aliyekipanda. Waziri wa Mifugo babu yake alikuwamo. Mkuu wa Polisi babu yake alikuwamo, yeye na wake zake wanne. Salha, binti wa Bi Kazija, aliwahi kuhesabu majina ya mababu hao kwenye gazeti la sherehe. Akafika elfu kumi na nane, akaacha kwa sababu macho yalimuuma. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, mambo ya vyombo hatukuyafikia. Lakini nilijiuliza watu wote hao walilala wapi humo ndani, na nani alikuwa anapika.

*

Salha mwenyewe anasoma Kiajemi. Hakuomba. Aliomba uuguzi. Barua ikamjia kwamba nafasi za uuguzi zimejaa, na kwa kuwa pua yake kwenye picha ya maombi imeonyesha dalili njema, amepangiwa Idara ya Kiajemi. Bi Kazija alilia siku mbili, siku ya tatu akaanza kututazama sisi wengine pua zetu kwa huruma.

Mwaka wa kwanza, Salha aliniambia, mwanafunzi hukaa karibu na vitabu. Hilo ndilo somo, na jina lake ni Ukaribu. Saa mbili kila asubuhi wanafunzi huketi katika chumba chenye kabati la vioo. Wao wanavitazama vitabu vya Kiajemi, vitabu vinawatazama wao. Kabati limefungwa kwa ufunguo, kwa maana kugusa kitabu kabla damu haijaamka kunaweza kuleta mshtuko wa kitaaluma. Mwaka wa pili wanasoma nasaba za wahadhiri wao, na mtihani wake ni mgumu kwa sababu nasaba hubadilika kila mhadhiri anapopandishwa cheo. Mwaka wa tatu wanafanya utamaduni kwa vitendo. Mwaka wa nne wananyamaza.

"Mnanyamaza vipi?"

"Tunanyamaza mwaka mzima, dada. Tunangoja itoke."

"Kuna aliyewahi kutokwa?"

"Katika waliotutangulia yupo mmoja. Alianza kusema maneno hayaeleweki, wahadhiri wakasimama wakapiga makofi. Kumbe malaria imempanda kichwani."

Mwaka wa Salha wa kwanza kabati lilikuwa bado tupu, wakalitazama hivyohivyo; vitabu vilivyowekwa humo baadaye ndivyo vinavyoniingiza mimi katika habari hii, kwa sababu vilitoka kwenye rafu niliyokuwa naipangusa kila siku.

*

Nafanya kazi kwa Bibi Mahini, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Kazija. Bibi Mahini ni Mwajemi. Si Mwajemi wa chombo. Yeye alizaliwa hukohuko na alikuja kwa ndege, miaka hamsini na mbili iliyopita, na mumewe aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha barafu. Kiwanda kilikufa, mume naye akafuata, na Bibi akabaki na viti sita, birika la chai na vitabu kumi na kimoja.

Nilikwenda kwake nina miaka kumi na tano, nimemaliza la saba, nipike na nifue. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuondoka. Alipoona maandishi yanamkimbia, aliamua nitakuwa mimi macho yake. Alinifundisha lugha yake, na herufi zake kwa kuzichora kwa kidole kwenye unga niliotandaza kwenye sinia, kabla sijakanda chapati. Nikikosea ananichapa kiganja na unga unaruka mpaka kwenye nyusi. Tulikula chapati za kuchelewa kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne nikawa namsomea kila alasiri, vyombo vikishakauka.

Kimoja kati ya vitabu hivyo kina jalada la kijani. Mumewe alimnunulia mwaka wa kwanza wa ndoa, naye akasema atakisoma kazi za nyumbani zikiisha. Kazi hazikuisha, yakaisha macho. Basi tukakianza pamoja, yeye hajui mwisho wala mimi sijui. Ni hadithi ya msichana, binti wa mchimba mifereji. Kule kwao maji hupitishwa chini ya ardhi, katika njia ndefu nyembamba zilizochimbwa kwa mkono, na baba wa msichana huyu alishuka asubuhi moja kusafisha njia asirudi. Siku ya tatu msichana akachukua taa, akashuka kumtafuta. Tulisoma polepole, kurasa nne nne, kwa kuwa Bibi alikuwa akinikatiza kunieleza baridi ya maji yale na jinsi yanavyouma meno. Tulipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, taa ya msichana ikazimika.

"Acha hapo, Mize-jan," akasema. Hilo jan huliweka nyuma ya jina la mtu anayempenda. "Mengine kesho. Leo nataka nikae naye gizani."

Kesho yake wakaja wageni.

*

Walikuwa Profesa Ngwali, amevaa joho katikati ya jua la saa saba, na Katibu wa Idara, Bwana Mcha, amekumbatia faili kama mtoto mwenye homa. Baraza la Vyuo lilikuwa limewaambia kwamba idara isiyo na vitabu angalau kumi na kimoja haiwezi kutambuliwa.

Bibi alifurahi. Hakuna mtu wa Chuo Kikuu aliyewahi kumtembelea. Alinituma nitoe vikombe vidogo vya kioo, akawakaribisha kwa Kiajemi, maneno mengi mazuri, kwa kudhani anawaheshimu. Profesa alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Katibu.

"Andika: lafudhi yake ina kasoro."

Bibi akaona pengine wamechoka na safari, akahamia lugha yetu. Wakanywa chai. Profesa akaitazama rafu, akasema, "Vitabu vizuri sana hivi."

Hapa lazima nieleze jambo. Waajemi wana adabu yao, wanaiita taarof. Mgeni akisifu kitu chako, unamwambia kichukue, ni chako. Mgeni anajibu hapana, kinapendeza zaidi kikikaa kwako. Unamsihi, anakataa. Unamsihi tena, anakataa kabisa, mnacheka, chai inaongezwa. Hakuna anayeondoka na kitu. Mimi niliijua adabu hiyo kabla ya herufi, kwa sababu wiki yangu ya kwanza nilisifu hereni za Bibi, akazivua akanipa, nikazivaa. Alikaa siku tatu masikio matupu, ananichekea tu, mpaka Bi Kazija akaniambia nina kichaa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa la saba. Hawa walikuwa Idara ya Lugha, Fasihi na Utamaduni wa Kiajemi.

"Havina thamani mbele yako, Profesa," akasema Bibi. "Ni vyako."

"Ahsante sana," akasema Profesa.

Bibi akaweka kikombe chini. Niliviona vidole vyake vinatafuta ukingo wa meza. Nadhani alifikiri hakusikia vizuri, akampa nafasi nyingine. "Kweli kabisa. Nakusihi, vichukue."

"Tunavichukua. Mcha, andika: ametoa mara mbili, kwa hiari, na amesihi."

Ya tatu Bibi aliisema kwa sauti ndogo, kama unavyomwonyesha mtu mlango ambao ameshaupita. "Nyumba yote ni yako."

Bwana Mcha akaangalia dari, akaangalia madirisha, akaandika na hilo. "Nyumba tutaijadili kikao kijacho," akasema.

Wakaanza kuvipanga vitabu kwenye sanduku. Nikaweka sinia chini. "Mheshimiwa, hicho cha kijani bado tunakisoma. Tumefika pabaya."

Profesa alinitazama kwa upole. "Unakisoma wewe, binti?"

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi huyu."

"Maskini," akasema, na nadhani alinihurumia kweli. "Basi Kiajemi hukijui, umejifunza tu. Mwenye nacho hajifunzi. Anayejifunza ni yule asiye nacho. Mcha, andika: mtumishi wa nyumba anasumbuliwa na kujifunza. Inawezekana ni ya kuambukiza, tuwahi."

*

Nilidhani Bibi atapiga kelele wakishaondoka. Aliomba maji tu.

"Bibi, twende tukavidai."

"Kitu kilichotolewa hakidaiwi."

"Lakini hukutoa! Walikosea wao!"

"Mgeni hakosei, Mize-jan. Labda sikusema kwa sauti inayotakiwa."

Hivyo ndivyo alivyo. Angeweza kufa kwa njaa mbele ya sahani, akingoja kusihiwa mara ya tatu. Lakini kila alasiri, vyombo vikikauka, nilimkuta ameshakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, uso umeelekea pale ninapokaa nikisoma.

"Unafikiri katoka?" ananiuliza.

"Sijui, Bibi."

"Hana taa."

"Najua."

"Alikuwa na kiberiti? Kumbuka vizuri. Mwanzoni alichukua kiberiti?"

Sikukumbuka. Ana miaka themanini na minane. Daktari alimpima moyo akanitoa nje ukumbini, akaniambia kwamba kama kuna jambo lolote analolitaka, nisilicheleweshe. Nikasema analotaka ni kurasa hamsini na tisa. Daktari akafikiri nimechanganyikiwa kwa huzuni.

Basi nikaanza kwenda Idara kila Jumanne. Jumanne ya kwanza Bwana Mcha alikuwa kikaoni. Ya pili alikuwa anajiandaa kwa kikao. Ya tatu alikuwa anapumzika kwa ajili ya kikao. Mimi ni mtu wa subira, nilikaa kwenye benchi nikawajua wote kwa viatu vyao. Ya saba akanipokea.

"Naomba kuazima kitabu cha kijani."

"Vitabu huazimwa na wenye shahada ya Kiajemi."

"Basi naomba kusomea shahada."

Akatoa fomu, kwa furaha, nadhani hakuwa ametoa fomu siku nyingi. "Una babu?"

"Ninao wawili, kama kila mtu."

"Wa chombo?"

"Mmoja alikuwa mkulima wa muhogo. Mwingine alikuwa anashona makubazi."

Bwana Mcha alikuwa bado na matumaini na mimi. "Makubazi ya nani?"

"Ya wenye miguu."

Akairudisha fomu mtotoni mwa meza taratibu, kama mtu anayefunika chakula ambacho hakikuiva.

"Shahada huwa inapatikana vipi hasa?" nikauliza.

"Msingi wake ni Ukaribu. Kukaa karibu na vitabu mwaka mzima."

"Nimekaa navyo miaka tisa. Nimevipangusa vumbi."

"Ukaribu wa nyumbani hautambuliwi."

Nikamuuliza, je, kuna mahali pa kulalamika? Hapo ndipo Bwana Mcha alipoinuka, akaniongoza mwenyewe mpaka ukutani penye ubao, akaufuta kwa mkono wa shati ili nione vizuri. Uliandikwa hivi:

*Malalamiko yote dhidi ya Idara ya Kiajemi yatapokelewa Siku ya Mwaka, na yaandikwe kwa Kiajemi. Malalamiko yaliyoandikwa kwa lugha nyingine yatahesabiwa hayajaandikwa. Malalamiko ya mdomo kwa lugha nyingine yatahesabiwa hayajasemwa.*

"Tangu tuweke kanuni hii," akasema Bwana Mcha, "hatujapokea lalamiko hata moja. Idara nyingine zinatuonea wivu."

Nikamshukuru. Nilishuka ngazi mbili mbili. Katika nchi nzima, nilijiambia, mwenye haki ya kulalamika ni mimi peke yangu.

*

Kazi ilikuwa kumshawishi Bibi.

"Hatudai," nikamwambia. "Tunawajulia hali tu, kwa maandishi."

Hilo alilikubali. Akavaa hijabu yake ya kutokea, ingawa tulikuwa chumbani, akaanza kutamka, na mimi naandika.

"Andika: Vumbi la kizingiti chenu ni wanja wa macho yangu."

"Bibi, macho yenyewe—"

"Andika."

Mstari wa pili walikuwa waridi. Wa tatu walikuwa jua, na waridi ikaona haya. Wa nne Bibi aliuliza afya zao, wa tano akaomba radhi kwa kuuliza. Wa sita tulikuwa mchwa mbele ya mfalme. Nikahesabu mistari kwa ncha ya kalamu.

"Bibi, huu ni mstari wa tisa na kitabu hakijatajwa."

"Mstari wa kumi utakikaribia."

Mstari wa kumi ulisema kwamba, endapo siku moja, katika bustani ya fadhila zao, jani fulani la kijani litaukumbuka mti lilikotoka, basi mti huo hautalifungia mlango.

"Hilo ndilo ombi?"

"Hilo ni ombi zito sana," Bibi akasema, na mashavu yake yalikuwa mekundu kweli. "Nimeona haya hata kulitamka."

Mimi ni mtu wa subira, nimeshasema. Lakini siku ile nilimtazama, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyepanda ghorofa, nikaona huku wanamwua wale kwa kutojua adabu, na huku anajiua mwenyewe kwa kuijua. Chini kabisa, mahali pa sahihi, nikaongeza mstari wangu. Niliuandika kama ninavyosema: *Rudisheni kitabu cha kijani. Tumeishia ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Ana miaka themanini na minane.*

"Unaandika nini tena?" Bibi akauliza, maana kalamu anaisikia.

"Tarehe, Bibi."

"Tarehe ndefu hiyo."

*

Zamani, Siku ya Mwaka katika nchi yetu watu walikuwa wakipigana kwa mashina ya migomba. Kila mwenye kinyongo na mwenzake anakimaliza uwanjani, jua likitua wanakula sahani moja. Wazee wanasema mila hiyo ilitoka Uajemi. Chuo Kikuu kiliposikia hivyo, kikaichukua kikaiweka sawa. Sasa mashina hupimwa urefu. Mwenye kinyongo hujaza fomu wiki mbili kabla, na kinyongo kisichozidi ukurasa mmoja. Mwanafunzi haruhusiwi kumpiga mhadhiri, ila anaweza kuupiga mkoba wa mhadhiri, akiwa amevua viatu. Salha alikatwa alama kwa kumpiga rafiki yake shina la bega bila kutaja rejea.

Nilipanga foleni ya malalamiko. Foleni nilikuwa mimi. Profesa Ngwali alikuwa jukwaani chini ya turubai, wahadhiri wamemzunguka, mikoba yao imepangwa mbele tayari kwa kupigwa. Nikampa karatasi kwa mikono miwili.

Alipoifunua, mwandiko wa Kiajemi ukaonekana. Wahadhiri wakaegemea mbele, kisha kila mmoja akakumbuka kwamba mwenzake anamtazama, akaanza kutikisa kichwa kama anayeonja mchuzi. Profesa aliishika mbali, akaishika karibu. Macho yake yalikwenda upande, yakarudi, yakakaa katikati. Nikamwonea huruma, wallahi. Mtu ambaye babu yake amepanda chombo, mbele ya watu elfu mbili, atasemaje?

Akafumba macho. Chozi likamtoka.

"Ndugu zangu," akasema, "haya hayasomwi kwa sauti."

Watu wakapiga makofi.

"Na hasa hapa," akaweka kidole kwenye mstari wangu wa mwisho. "Hapa pamenigusa. Pafupi, lakini pamebeba bahari."

"Ni lalamiko, Mheshimiwa?" akauliza Bwana Mcha, kalamu juu.

"Lalamiko! Kwa mwandiko huu? Hii ni sifa kwa Idara."

Nikapaza sauti. "Mheshimiwa, ni lalamiko. Naomba kitabu cha—"

"Umesema kwa lugha gani?" Bwana Mcha akaniuliza.

"Kwa lugha yetu sote."

"Basi hujasema."

*

Karatasi ile waliitia fremu ya rangi ya dhahabu wakaitundika juu ya kabati la vioo. Kitabu cha kijani kiko rafu ya pili. Kwa hiyo ombi na kinachoombwa vimekaa chumba kimoja, havipishani hata mkono.

Nikarudi nyumbani. Bibi aliuliza kabla sijavua viatu, "Wamejibu?"

"Wameitundika ukutani."

"Mbele za watu?" Akajifunika uso. "Aibu gani hii." Kisha akaongeza, "Basi wamesoma."

"Wanaitazama kila siku, Bibi."

"Na bado?"

"Na bado."

Hakuniuliza tena. Siku hizo alianza kulala kitini, na akiamka ananiambia njia za maji, shimo lipi linakutana na lipi, kama anayemwelekeza mtu aliye mbali.

Mwisho wa mwaka Idara ikatangaza mtihani mpya. Kwa kuwa sasa wana andiko lao wenyewe, kila mwanafunzi ataliandika lote kwa kukumbuka, na alama zitatolewa kwa unadhifu. Salha akaja jikoni kwangu na daftari.

"Dada Mize, nisaidie. Hapa mwishoni huu mkia unapindia wapi?"

Nikamwonyesha. Ana mkono mzuri, yule mtoto, angefunga vidonda vizuri sana. Nikamwambia, "Unajua lakini mstari huo unasema nini? Unasema rudi—"

Akaziba masikio. "Usiniambie! Tukielewa tunafutiwa mtihani. Kuelewa kunahesabiwa kuiba."

"Salha. Bibi anakufa huko chumbani."

Akaangalia mlango wa chumba. Alibana midomo, nikadhani atauliza. "Nina mwaka mmoja tu umebaki," akasema, akafunga daftari lake, akaondoka na mkia aliojifunza.

*

Siku ya mtihani Bibi hakuweza kukaa kitini. Nilimlaza, nikamwita Bi Kazija akae naye, nikaenda Chuo Kikuu. Haikuwa Jumanne.

Milango ya ukumbi ilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Wanafunzi mia mbili na kumi na watatu walikuwa wameinamisha vichwa. Nilisikia kalamu zao, sauti kama mvua ndogo kwenye makuti. Kila mmoja alikuwa waridi, kisha jua, kisha mchwa, na kila mmoja alipofika chini kabisa akaiomba Idara ya Kiajemi, kwa Kiajemi safi kisicho na kosa, irudishe kitabu cha kijani, kwa kuwa tumeishia ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili na ana miaka themanini na minane. Salha alikuwa safu ya tatu. Aliandika mstari ule polepole kuliko mingine.

Bwana Mcha akazikusanya karatasi, akazifunga kamba, akazipeleka chumba cha kabati ambako Profesa Ngwali alikuwa amekaa na muhuri. Nikamfuata nyuma yake, hakuna aliyenizuia. Rundo lilipowekwa mezani likakificha kitabu cha kijani. Nikasogea pembeni mpaka nikakiona tena.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi ni Mize, wa kwa Bibi Mahini. Amelala leo, hasimami tena. Akili iko sawa, anasikia. Kurasa zimebaki hamsini na tisa, nikisoma bila kupumzika ni alasiri moja. Nipe, nitakileta kabla hamjafunga. Kama kanuni inakataa kitabu kutoka, nifungulieni tu hapo kabatini, nisome nikiwa nimesimama, niyabebe maneno kichwani nikamwambie. Au nisikiguse kabisa, mnifungulie ukurasa wa mwisho mmoja. Nataka kujua tu kama yule mtoto katoka."

Profesa alilowesha muhuri kwenye wino. Akaugonga kwenye karatasi iliyokuwa juu, palepale kwenye mstari wa mwisho, akaupuliza ukauke, akavuta karatasi iliyofuata.